Safari ya Kabambare: macho yetu tunayaweka wapi?



Wiki hii hatuandiki juu ya chanjo wala juu ya kutengeneza sabuni. Tunawaletea habari za safari yetu ya Kabambare, ile tuliyowaahidi tangu mvua kubwa zilipopungua. Tulikuwa watano: muuza mchele, mshonaji, mkunga, mama mmoja wa bustani ya mboga, na mmoja wetu anayefundisha darasa la 6 la shule ya msingi, ambaye ndiye anashika kalamu hapa. Chama kilitutuma kwa wenzetu wa kule, kwa sababu walituomba tuwaonyeshe namna tunavyoweka akiba kila wiki katika sanduku lenye kufuli tatu. Tulikwenda kuwafundisha mambo ya sanduku. Tumerudi na somo jingine, na tunaona si vema tulifiche.

Tuliondoka Kasongo alfajiri, pikipiki tatu, wawili wawili, na ile ya tatu ikabeba mmoja wetu pamoja na sanduku na mizigo. Anayeijua njia ile hana haja ya kuambiwa. Asiyeijua tumwambie hivi: mahali pengine ni mchanga mwekundu unaoingia mpaka ndani ya meno, mahali pengine ni matope yasiyokauka hata kiangazi, na kwenye daraja la miti abiria anashuka, anavuka kwa miguu, kisha anageuka kumwombea dereva. Tulipishana na vijana wanaosukuma baiskeli zilizobeba bidoni za mawese na mifuko ya mchele. Tulipishana na wamama wanaotoka shamba, kikapu kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Wote walitusalimu, sisi tukawaitikia na kupita.

Karibu na saa 7 ya mchana tulisimama kwenye kibanda kimoja cha kuchaji simu, chenye paneli ya jua juu ya paa. Watu kama ishirini walikuwa wamekusanyika, wamenyamaza. Tulidhani kuna msiba. Kumbe wote walikuwa wameinamia simu moja, wanatazama video ya mwimbaji mmoja wa mbali aliyegombana na mke wake. Wamama wenye majembe begani walikuwa wakibishana: mmoja anasema mume ndiye mwenye kosa, mwingine anasema hapana, mke alianza. Walijua jina la mke, jina la yule mke wa zamani, majina ya watoto, na rangi ya gari lililotolewa zawadi kisha likanyang'anywa.

Tungependa kuwaambia kwamba sisi tulibaki kando. Hatukubaki. Muuza mchele aliijua habari hiyo kutoka mwanzo, mshonaji alijua sehemu ya pili, na mwalimu naye alikuwa na maoni. Dereva alituita mara tatu. Tulipopanda tena pikipiki ilikuwa imepita saa nzima, na mvua ilitukuta njiani. Hatukufika Kabambare siku ile. Tulilazimika kuomba malazi katika kijiji kidogo, tumelowa kama kuku.

Mama mmoja alitupokea. Hakutuuliza sisi ni nani. Aliwasha moto, akatupa vikwembe vyake vikavu, akapika bugali na sombe yenye mawese, kisha akawaambia watoto wake walale chini ili sisi tupate kitanda. Asubuhi alitupa mihogo ya kuchemsha ya njiani, akakataa pesa, akakubali sabuni moja tu. Tulimshukuru sana, tukaondoka.

Hatukwenda mbali. Mkunga wetu, ambaye kazi yake imemzoesha kuuliza majina, alisema: «Yule mama anaitwa nani?» Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumemwita «Mama» tangu jioni mpaka asubuhi. Jina la mke wa mwimbaji tulilijua sote watano. Jina la mtu aliyewalaza watoto wake chini kwa ajili yetu halikuwa kichwani mwa hata mmoja.

Mshonaji alishuka, akarudi kwa miguu kuuliza. Alimkuta anafagia kiwanja. Yule mama alicheka, akataja jina lake, na la mama yake, na la bibi yake pia, kana kwamba alikuwa amengoja kuulizwa siku nyingi. Hatuliandiki hapa, kwa kuwa hakutuomba tulitangaze. Limeandikwa katika daftari la chama, ukurasa wa kwanza.

Njia iliyobaki hatukuimba. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiri juu ya jambo lile la mwaka jana, na mwishowe muuza mchele akalitaja. Wengi wenu mnalijua. Wengine mmelisikia vibaya. Tulisimulie sisi wenyewe.

Mwaka jana tuliambiwa kwamba mtu mmoja mwenye jina kubwa atapita katika mji wetu. Tulitaka tuonekane. Tulikuwa wanachama 32, na kikwembe cha namna moja kwa kila mmoja kiligharimu franka 18.000. Kila mama akatoa nusu, na nusu nyingine ikatoka katika sanduku la kusaidiana: franka 288.000. Hakuna aliyetulazimisha. Tulipiga kura, mikono ikainuka karibu yote. Siku ile tulisimama kando ya barabara tangu saa 1 ya asubuhi. Watoto wetu hawakwenda shule, maana nao walitaka kuona. Alipita saa 9. Vioo vya gari vilikuwa vimefungwa. Wengine wanasema aliinua mkono. Wengine wanasema ni mtu aliyekaa pembeni yake.

Siku nne baadaye, usiku, mkwe wa mwanachama wetu mmoja alishikwa na uchungu, na uchungu ukawa mbaya. Alitoka kijiji cha mbali, pikipiki na hospitali vilihitaji pesa. Mama mkwe alikuja kugonga kwa mweka hazina. Sanduku lilikuwa na franka 6.500. Tulizunguka mlango kwa mlango kukopa, na pesa zilipotimia jogoo alikuwa amekwisha kuwika. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hatuwezi kuapa kwamba pesa zile zingemwokoa mtoto. Mkunga wetu anasema mambo ya uzazi hayahesabiwi hivyo. Lakini saa tulizopoteza usiku ule tunazijua. Tena, kwenye matanga, tulivaa vikwembe vile vile, kwa kuwa vilikuwa vipya na vya kufanana. Mama wa wafiwa alituangalia, hakusema kitu. Mpaka leo hajasema.

Basi tulifika Kabambare na mzigo huo moyoni. Wenzetu walitupokea kwa vigelegele chini ya mwembe. Tulifungua sanduku, tukaonyesha kufuli tatu na funguo zinazokaa kwa watu watatu tofauti. Walipouliza: «Je, mbele ya haya yote, ni kitu gani kinaweza kumaliza sanduku?» tukaona aibu kujibu kwamba ni wizi. Tuliwasimulia habari ya vikwembe kama tulivyowasimulia ninyi.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu na shina akasema: «Wanangu, mgeni mwenye jina anakula kama mgeni asiye na jina. Tofauti ni kwamba huyu wa kwanza anamaliza kuku wote.» Wakacheka, na sisi tukapata nguvu ya kucheka. Kisha akaongeza: «Sisi hapa mambo ya wageni wenye jina tunayajua tangu zamani. Madamu, wewe unafundisha watoto, sema.»

Alikuwa na maana ya Livingstone. Mwalimu akasimulia, na kadiri alivyosimulia tukaona kwamba habari ile ya darasani ilikuwa inatuhusu sisi.

David Livingstone, mwenyeji wa Scotland, aliwasili Kabambare mwezi wa 9 wa mwaka 1869. Yeye aliandika «Bambarre». Kwa wakati ule alikuwa mmoja wa watu wenye jina kubwa kuliko wote katika Uingereza. Vitabu vyake vilisomwa na maelfu, na magazeti yalikuwa yakiuliza: yuko wapi? Amekufa? Katika Marekani, mwenye gazeti la New York Herald alimlipia mwandishi mmoja, Henry Morton Stanley, safari nzima ya kumtafuta, kwa kuwa alijua kwamba habari ya mtu huyo itauza magazeti.

Na wakati dunia inauliza, mwenyewe alikuwa hapa Kabambare, hawezi kutembea. Katika mwaka 1870 vidonda vilimshika miguuni, akakaa miezi mingi mpaka mwezi wa 2 wa mwaka 1871. Aliandika kwamba kilichomsaidia ni jiwe la kijani la shaba, lililosagwa na maji na kupakwa juu ya vidonda kwa unyoya. Alisoma Biblia yote mara nne katika nchi ya Maniema, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti la zamani. Wino ulimwisha, akatengeneza wa matunda ya mti. Jina lake lilikuwa linazunguka dunia, lakini halikumletea hapa hata dawa moja. Kilichomweka hai ni chakula cha watu wa hapa.

Bibi wa mwembeni akauliza: «Na aliyempikia?» Mwalimu akajibu kwamba katika kitabu cha Stanley kuna mpishi mmoja, Halima, aliyewahudumia kule Ujiji. Jina lake limebaki kwa sababu alisimama karibu na chungu cha mtu mwenye jina. Lakini wamama wa Kabambare waliotwanga na kuuza unga miezi ile yote, hakuna aliyeandika majina yao mahali tunapopajua.

Kutoka Kabambare, Livingstone alikwenda Nyangwe, kwetu kabisa, kando ya Lualaba. Alipenda kwenda kutazama soko. Aliandika kwamba wengi wa wauzaji ni wanawake, wanatoka mbali na mizigo mizito, samaki, mawese, vyungu, kuku, mihogo, na kwamba wanacheka na kubishana bei kwa furaha. Aliyewahi kufika siku ya soko atasema ni jana.

Tarehe 15 ya mwezi wa 7 wa mwaka 1871, watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara wa msafara, waliingia sokoni. Ugomvi ulianza kwa bei ya kuku. Risasi zikaanza. Watu wakakimbilia mitumbwi, wengine wakaruka majini, na wale waliokuwa kando ya mto wakawapiga risasi humo humo. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu kati ya 330 na 400 waliokufa, na wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza.

Livingstone aliyaona kwa macho yake na kuyaandika juu ya lile gazeti la zamani. Maandishi yalififia, hata katika mwaka 2011 wataalamu wakatumia mwanga wa pekee na kamera ili yasomeke tena. Miezi michache baada ya mauaji, Stanley alimpata Ujiji, na habari zikafika Uingereza. Zilichochea watu huko wamsukume Sultani Barghash wa Zanzibar, naye akafunga soko la watumwa mwaka 1873. Tuseme haki: jina la mtu yule lilisaidia. Laiti mwandishi angekuwa mtu asiyejulikana, huenda hakuna ambaye angesoma.

Lakini mkunga wetu alisema neno ambalo lilitunyamazisha wote. Alisema: «Tunajua tarehe. Tunajua mto. Tunajua hata kuku. Wamama wale walikuwa na majina, na hatujui hata moja.» Siku waliyokutana Stanley na Livingstone, watoto wa shule wa nchi nyingi wanaijua, pamoja na neno la salamu. Siku ile ya Nyangwe, watoto wetu wenyewe wa Kasongo hawaijui. Mwalimu alikiri kwamba yeye mwenyewe, miaka aliyosoma chuo cha ualimu, alifanya mtihani juu ya Stanley na hakuulizwa hata swali moja juu ya soko la Nyangwe.

Tulilala Kabambare siku mbili. Katika kurudi, mazungumzo yaliendelea kila tuliposimama, na Kasongo yenyewe ikaingia ndani. Sisi tumekulia kwenye mji wa Tippu Tip. Kila mtoto anajua jina hilo. Aliishi hapa, Stanley alikutana naye huku mwaka 1876, watu walimwogopa kwa bunduki zake, na mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa katika miaka ya 1902 na 1903. Alikufa Zanzibar mwaka 1905. Mji wake wa zamani ulitekwa na askari walioongozwa na maofisa wa Ubelgiji mwezi wa 4 wa mwaka 1893, na leo mahali pale tunapaita Tongoni, yaani penye matongo. Kule Ubelgiji nako, katika mji wa Blankenberge kando ya bahari, kuna mnara wa wanajeshi wawili, Lippens na De Bruyne, waliouawa Kasongo mwaka 1892. Kila upande umewakumbuka wakubwa wake.

Na nini kilibaki Kasongo baada ya wakubwa hao wote? Kilibaki mchele, ambao mpaka leo wamama wanaupanda, wanaupura na kuupeta. Kilibaki Kiswahili hiki tunachokiandika. Tippu Tip hakumfundisha mtoto hata mmoja wa mtaa wetu kusema «shikamoo». Watoto walijifunza mgongoni kwa mama zao, na wale wakajifunza kwa mama zao, kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo haina mnara.

Tena mnajua kwamba Kasongo lina jina miongoni mwa madaktari wa mbali? Katika miaka ya 1970 palianzishwa hapa mradi wa afya pamoja na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerpen. Yaliyoonekana hapa juu ya vituo vya afya na chanjo ya surua yalichapishwa katika majarida ya udaktari na kusomwa nchi nyingi. Lakini chanjo haijipeleki yenyewe. Kuna wamama waliofunga watoto mgongoni na kutembea mpaka kituoni, wakapanga foleni, wakarudi. Baadhi yao ni bibi zetu walio hai. Ni nani kati yetu aliyewauliza habari hizo?

Mama mmoja wa Kabambare, ambaye mume wake anachimba dhahabu upande wa Namoya, alikuwa ametuambia hivi tulipoagana: «Udongo ni mwingi, kila mtu anauona. Dhahabu ni kidogo, huioni mpaka uiname.» Tulimwomba ruhusa ya kuandika maneno yake, akakubali.

Wamama, msituelewe vibaya. Hatuwachukii waimbaji wala wachezaji. Harusi bila muziki ni mkutano wa serikali. Maniema Union ikishinda tutapiga vigelegele, hata mwalimu. Mtu mwenye kipaji anayefanya kazi yake vizuri anastahili sifa ya kazi hiyo. Tunachosema ni kwamba wimbo ni wimbo. Ndoa ya mwimbaji si chakula chetu. Yeye hatujui. Akigombana na mke wake, sisi hatutaitwa kwenye kikao cha kuwapatanisha. Lakini jirani akigombana na mke wake, tutaitwa, na mara nyingi tunafika tumechelewa.

Na kuna bei. Tarehe 29 ya mwezi wa 10 wa mwaka 2022, katika uwanja wa Stade des Martyrs mjini Kinshasa, watu walijaa kupita kiasi kwa ajili ya tamasha la Fally Ipupa, na 11 walikufa katika msongamano. Walikwenda kufurahi tu. Bei yetu ya hapa ni ndogo zaidi na haitangazwi: saa moja kwenye kibanda cha kuchaji, mega za franka 1.000 zinazoisha kabla ya jioni, daftari la mtoto ambalo halikununuliwa, siku nzima kando ya barabara. Mega zikihesabiwa kwa mwezi, muuza mchele wetu alizipiga hesabu njiani, alipata pesa za kilo nyingi za chumvi. Alinyamaza mpaka Kasongo.

Tuliporudi, mwalimu alijaribu jambo darasani. Aliwaambia wanafunzi waandike majina matano ya watu wenye sifa. Karatasi zilijaa upesi: waimbaji wa Kinshasa na wa Dar es Salaam, wachezaji wa Ulaya. Kisha akawaambia waandike majina ya bibi zao wawili, mzaa mama na mzaa baba, na kazi moja ambayo kila mmoja aliifanya. Kalamu zikasimama. Wengi waliandika «Bibi». Mtoto mmoja wa kike aliinua mkono akauliza: «Madamu, bibi ana jina jingine?»

Hatukumcheka. Sisi watano wenye akili zetu tulilala katika nyumba ya mtu bila kumwuliza jina.

Haya yote tuliyaleta mbele ya chama siku ya posho iliyopita. Mabishano yalikuwa marefu. Wengine walisema: mgeni mkubwa asipopokelewa, mji utapata sifa mbaya. Wengine walisema: tukikaa bila kufuata habari za watu, tutaonekana washamba mbele ya watoto wetu. Ndipo yule mama mkwe, ambaye hakuwa amesema kitu tangu matanga, alisimama. Alisema maneno machache: «Mimi sikuwakasirikia kwa sababu mlivaa vizuri. Nilikasirika kwa sababu mlijua atapita saa ngapi, na hakuna hata mmoja aliyejua mkwe wangu ana mimba ya miezi mingapi.»

Baada ya hapo hatukuwa na mabishano. Tulikubaliana mambo haya, na tunawaandikia ili nanyi mtuulize kama tunayafuata.

Pesa za sanduku la kusaidiana hazitatoka tena kwa ajili ya kumpokea mtu yeyote, awe na jina la namna gani. Anayetaka kwenda kumwangalia aende kwa pesa zake na kwa kikwembe alicho nacho.

Watoto wetu hawatakosa shule kwa ajili ya gari linalopita.

Kila mkutano utaanza kwa kusoma majina ya wamama wenye mimba wa mtaa wetu, mwezi wa mimba, na nani amewatembelea wiki hiyo. Mkunga atashika orodha. Mpaka sasa ina majina 14, na mengine 3 tuliyapata kwa kuuliza tu jirani wa upande wa pili.

Mikutano yetu itakuwa saa mbili bila simu. Simu zitawekwa ndani ya kikapu cha mama wa bustani. Wiki iliyopita zililia mara nyingi, na hakuna aliyekufa.

Vile vikwembe vya mwaka jana, mama 19 wamekubali kuvirudisha. Mshonaji amevikata vipande vya kumbebea mtoto, vimepelekwa kwa wamama wa kwenye orodha. Aliyebaki na chake hatumlazimishi.

Wenzetu wa Kabambare nao wameanza sanduku lao, na wamesema watatutembelea kiangazi. Tutawapokea kwa mchele na kuku wachache, na tutawauliza majina yao mlangoni.

Mkutano ujao ni siku ya posho, saa 8 ya mchana, mahali petu pa kawaida. Kila mama aje na jina la bibi yake mzaa mama na kazi moja aliyoifanya: kama alikuwa mkunga, kama alifinyanga vyungu, kama aliuza samaki Nyangwe. Daftari lina kurasa 96, na tumejaza 4. Asiyelijua jina aulize kwanza nyumbani, maana wazee bado wapo na wanangoja kuulizwa.